Siku Tisini za Bwana Ekiru

Swali lilimtoka Rispa kwa mazoea, kama salamu: "Na kwenu ni wapi?" Mgeni aliyekuja kutafuta nyumba alipotaja kwao, Rispa akamwambia nyumba imeshachukuliwa. Papo hapo bangili ya kusikiliza aliyovishwa na ofisi ya kupangisha ikawaka nyekundu. Sheria haikuwa na mjadala: karani anayemnyima mtu nyumba kwa sababu ya kabila humpa chumba nyumbani kwake kwa siku tisini.

Jioni hiyo mgeni huyo, Bwana Ekiru, aliingia na begi moja na mkewe mjamzito. Rispa akawapa chumba cha binti yake, akawapakulia ugali. Bangili ilikuwa bado inasikiliza. Alitamani kuuliza lolote, hata kama chumvi imetosha, akaogopa. Mume wa Rispa alikula bila kuinua macho.

"Asante, mama. Chakula kitamu," Ekiru alisema kwa upole. Kisha akamkazia macho. Mkononi mwake hamkuwa na bangili.

"Na nyinyi, kwenu ni wapi?"

Tonge likamganda Rispa mkononi. Mezani pake mwenyewe, akaanza kutafuta jibu lisilo na hatari.