Spea ya Saa Nne

"Hostia moja?" Daktari Renata aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Hata ile ya kanisani umeiandika?"

"Si ulisema niandike kila kinachopita mdomoni?" Don Lalo akajibu. "Ile nayo imepita."

Don Lalo Chonay alikuwa karani wa posta kwa miaka arobaini, na kustaafu hakukumponya. Daftari la chakula alilopewa na daktari alilijaza kwa mwandiko wa telegramu, na kila ukurasa aliugonga muhuri wa tarehe.

Alikuwa na sababu. Mwaka jana, Ijumaa Kuu, alizirai katikati ya maandamano, chini ya jukwaa la sanamu ya Yesu linalobebwa mabegani, na wanaume wawili wakalazimika kuacha kumbeba Yesu ili wambebe yeye. Chama cha wabebaji kikakata shauri: safari hii bila barua ya daktari habebi. Kwa miaka thelathini na mmoja bega lake lilikuwa halijakosa jukwaa. Asipobeba mwaka huu atasimama kando ya njia na watalii, naye alisema wazi kwamba afadhali afe.

Daktari Renata alikuwa mgeni kwetu Antigua. Alikuja Januari kutoka Monterrey, kaskazini ya Mexico, na tuliona tumepata bahati, maana lugha ni ile ile, Kihispania, na hakuna haja ya mkalimani.

Alisoma ukurasa wa Jumatatu. Saa moja, uji wa mahindi bila sukari. Saa nne, spea kwa Chila. Saa saba, supu ya mboga na tortila mbili. Saa kumi, spea kwa Chila. Usiku, kipande cha papai.

Daktari akatabasamu. Mtu mkweli, aliwaza, huandika hata asichoulizwa.

"Hizi spea ni kila siku?"

"Kila siku, Daktari. Tangu nikiwa posta. Ikifika saa nne tulikuwa tunafunga dirisha, wateja wangoje."

Daktari hakushangaa sana. Mitaa yetu ni ya mawe matupu, na mawe yale yanakula magari. Gari lake mwenyewe lilikuwa limeshapoteza kioo cha pembeni.

"Vizuri," akasema. "Mtu wa umri wako anahitaji shughuli. Usiziache."

"Nisiziache?"

"Ukiweza, ongeza ya tatu."

Don Lalo aliinuka kitini. Kisha akamshika mkono, akaubusu, na machozi yakamlengalenga.

Wiki iliyofuata alipanda mizani. Badala ya kupungua, alikuwa ameongezeka ratili tatu. Wiki iliyofuata tena, nne. Daktari alipiga mizani teke, akajipima yeye, akampima muuguzi. Mizani haikuwa na kosa. Basi aliyekuwa na kosa ni mzee, na daktari akaagiza mkewe aitwe.

Doña Fidelina aliingia na pochi yake kifuani, kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Mama, niambie ukweli. Huyu anakula kwa kujificha?"

"Huyu? Juzi alilamba bahasha, akaandika gundi."

"Uji una sukari?"

"Hauna. Nimeuonja mimi, na ni mbaya."

"Supu?"

"Maji ya moto yenye karoti, Daktari. Hata paka amekataa." Doña Fidelina akasogeza kiti mbele, akashusha sauti. "Lakini na mimi nina swali. Ni kweli umemwambia aongeze spea?"

"Nimemwambia."

"Kwa mdomo wako mwenyewe?"

"Ndiyo. Zinamfaa."

Doña Fidelina akapiga ishara ya msalaba. "Basi huko Mexico mmesoma. Mimi nimegombana naye miaka thelathini juu ya hizo spea."

Ilibaki wiki moja kufika Ijumaa Kuu. Daktari Renata alilipitia daftari upya, siku kwa siku, muhuri kwa muhuri. Hakukosekana hata mlo mmoja. Alikasirika, kisha akajionea aibu kwa kumshuku mzee wa watu. Akamwita, akamwambia akunje mkono, akaubonyeza juu ya kiwiko. Ulikuwa mgumu kama gogo, kama mkono wowote uliobeba jukwaa miaka thelathini na mmoja.

Ndipo akaelewa. Spea tatu kwa siku! Kufungua nati, kukaza nati, kuinua magurudumu.

Jumatano asubuhi akaandika barua: *Uzito umeongezeka kwa misuli ya kazi. Anafaa kubeba.* Akatia sahihi. Na kwa kuwa alikuwa na shida yake, akaichukua ile fremu ya kioo kilichovunjika, akaamua kumpelekea mzee barua huko huko kwa Chila.

Harufu ya mafuta ilimlaki tangu kona. Don Lalo alikuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni, anaandika kwenye daftari huku anatembea, vidole vinang'aa.

"Usinipe mkono, Daktari, nimejaa mafuta!"

Aliipokea barua kwa ncha za kucha, akaisoma mara mbili, akapiga yowe hadi njiwa wakaruka, kisha akakimbia kuipeleka kwa wabebaji kabla mtu hajabadili mawazo. Daktari alimwangalia anavyokata kona kwa mwendo wa kijana, akafurahi kwa moyo wake wote.

Akainama kwenye kidirisha cha Chila, akaweka fremu ya kioo juu ya kibao.

"Mama, nimeambiwa hapa ndipo penye spea nzuri."

Chila akafuta mikono kwenye aproni, akakisogeza kile kidude kando, akachukua sahani.

"Hujadanganywa, mwanangu. Kwenu neno hilo ni la gari, kwetu ni kitafunio cha saa nne. Nikukaangie ya kuku au ya maharage?"