Majani Yaliyooshwa

Mtafiti wa udongo alifungua mlango akamkuta mama yake jikoni, mikono imejaa povu, anaanika majani ya msituni juu ya taulo. Yalikuwa yanang'aa.

"Yalikuwa yananuka, mwanangu. Nimeyasugua moja moja, usije ukaaibika mbele ya wenzako."

Friji ya maabara ilikuwa imeharibika, ndiyo maana binti alikuwa ameyaleta majani nyumbani. Alitaka kujua vijidudu vinavyoozesha majani hayo vinagawana vipi na udongo virutubisho vya nitrojeni na fosforasi.

"Mama, una akili kweli? Hivyo vijidudu ndiyo kazi yangu! Kwani kila kitu lazima ukiguse?" Alifoka hadi jirani akafunga dirisha.

Mama alishusha macho. Akaanza kuyarudisha majani kwenye mfuko wa sampuli taratibu, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Samahani, daktari," alisema.

Hakuwa akikejeli. Ndivyo alivyozoea kuwaomba radhi watu wa hospitali, kichwa kimeinama. Binti alisikia uso unawaka kwa aibu. Alitaka kumshika mkono, asijue aanzie wapi.

"Maji ya beseni nililooshea majani sijayamwaga," mama alisema kwa sauti ya chini. "Yanaweza kufaa?"