Mwanya wa Sikudhani

Msichana aliyechaguliwa kumwigiza Sikudhani kwenye filamu hakuwa na mwanya, na wasomaji wa katuni wangekuja juu. Basi mpambaji akawa anamchora mwanya menoni kwa wanja, Mzee Mbarouk akitazama. Yeye ndiye aliyembuni Sikudhani, kwa sura ya marehemu mkewe.

"Nimefanana naye, babu?" msichana akauliza, akacheka, papo hapo akaziba mdomo kwa kiganja.

Mzee akashtuka. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akicheka mkewe. Kwenye katuni alimchora kinywa wazi kwa kuwa ndivyo alivyotamani kumwona.

"Mfute huo mwanya, mwanangu," akamwambia mpambaji. "Ni yeye huyu."

Kisha akanyoosha mkono polepole, kama anayetaka kukishusha kile kiganja, ukabaki hewani.