Mbwa wa Mshale

Mshale alipotamka kwamba anataka mbwa, baba yake alicheka mpaka misumari ikamdondoka mdomoni.

Alikuwa fundi makochi, na ile misumari midogo huibana kwa midomo kutwa nzima akiwa kazini. Ilibidi apige magoti aiokote, huku bado anacheka.

"Wewe? Mbwa? Mama Mshale, hebu njoo usikie maajabu!"

Mama akatokea jikoni, mikono imejaa unga. "Nani anataka mbwa?"

"Huyu huyu aliyepanda juu ya meza ya jirani kwa sababu ya kijibwa kisichozidi kiatu."

"Nilikuwa mdogo," Mshale akasema.

"Ilikuwa mwaka jana!"

Mshale alikuwa kitindamimba, miaka kumi na sita, miguu mirefu, na jina hilo mtaa mzima ulimpa kwa mbio zake. Ubishi alizaliwa nao. Akakaa kwenye mkono wa kochi la mteja, akafukuzwa, akakaa sakafuni, akaanza kueleza. Mlinzi wa uwanja anakofanyia mazoezi anastaafu, anahamia ghorofani, na huko mbwa hawapokelewi. Mbwa wake ni mtu mzima, mpole, hana makelele. Anachopenda ni kukaa na watu, basi.

"Wenzako wanataka kitoto cha mbwa," Mama akasema. "Wewe unataka kikongwe?"

"Kitoto kitawasumbua."

"Hapana," Baba akasema. "Manyoya na vitambaa vya watu haviendani. Tangu kaka yako apate kazi mbali nyumba hii imetulia. Iache itulie."

Mama hakuchangia. Alirudi jikoni, akamimina chai vikombe vinne, akashtuka, cha nne akakimwaga.

Mshale hakukata tamaa. Kila siku alifagia karakana ya baba yake bila kutumwa, akamwonyesha kwamba hata kungekuwa na manyoya, yangeondoka. Kwa mama yake alipitia mlango mwingine. Mama hutoka kwenye kiwanda cha mikate jua linapozama, na Mshale humngoja kituoni ili warudi pamoja. Jioni moja, walipofika mlangoni, akaanza.

"Mbwa angekuja kukupokea, Mama. Hata siku ambayo mimi sipo."

"Mbwa huyo ana saa?" Baba akadakia toka karakana.

"Ana akili. Saa ni ya nini?"

Mama akacheka, na Mshale akajua hapo pana mwanya.

Uwanjani nako hakukuwa na amani. Kila baada ya mazoezi kocha alimsimamisha.

"Wazee wamekubali?"

"Bado, kocha. Mama ameanza kulegea."

"Kaza buti. Wakipata mwingine usije kunililia."

Mshale alirudi nyumbani roho juu. Bila yule mbwa, mipango yake yote ingeharibika, na alilijua hilo vizuri kiasi kwamba chakula hakukigusa. Mama akaiona sahani.

"Mpe ruhusa amjaribu, Baba Mshale. Akikojoa kwenye kochi la mtu, anarudi alikotoka."

"Nani, mbwa au Mshale?"

"Yeyote atakayekojoa."

Mbwa akaletwa. Mshale alimwongoza kwa kamba ndefu ajabu, mkono ameunyoosha mbele kama mtu aliyebeba sufuria ya moto. Baba alimtazama yule mzee mwenye mvi za kidevuni akamwita Mstaafu papo hapo. Mstaafu akanusa makochi yote, hakuvutiwa na hata moja, akaja kulala juu ya miguu ya fundi.

"Toka hapa," Baba akasema. Miguu hakuiondoa.

Mshale akaanza kumfundisha, akimrushia vipande vya biskuti toka mlangoni. Zamani, asubuhi, Mshale ndiye aliyekuwa akimgongea baba yake aamke. Sasa Mstaafu alikwenda kumpumulia sikioni. Jioni, Mstaafu alishika njia ya kituoni peke yake, na abiria wakamzoea. Na mpira ulipotangazwa redioni, Mstaafu ndiye aliyekaa kusikiliza na Baba. Baba alisema ni mwenza bora kuliko Mshale, maana hana kimbelembele cha kumkosoa mwamuzi.

"Wewe sasa amekuachia kazi gani humu ndani?" akamtania binti yake.

"Hakuna hata moja," Mshale akasema, na akaonekana kufurahi kwelikweli.

Jumapili moja aliingia karakanani na kocha nyuma yake. Mama alikuwa kwenye kochi lililokuwa likingoja mteja, miguu ameiegesha mgongoni kwa Mstaafu, pembeni birika na vikombe vitatu. Baba, misumari mdomoni, alikuwa akimdondoshea mbwa kipande cha nyama huku akijifanya hajui kilivyoanguka.

"Karibu, kocha! Ongeza kikombe, Mshale," Mama akasema.

Mshale hakwenda kuchukua kikombe.

"Baba, Mama. Kuna shule ya wanariadha imenichukua. Ni ya bweni, mwendo wa siku nzima kwa basi. Nilishindwa kuwaambia. Mkiniruhusu, naondoka mwezi ujao."

Mama akamshika Mstaafu sikio, akawa analipapasa polepole. Baba akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga mezani.

"Sawa, mwanangu," akasema mwishowe. "Mbio umepewa na Mungu, mimi ni nani nikuzuie? Lakini mbwa wako huyu, uliyetulilia hivi, unamwachia nani?"

Mstaafu akainuka kujinyoosha, na Mshale akaruka nyuma ya kocha.

"Mbwa wangu? Baba, mimi namwogopa mpaka leo."