Jivu Bustanini

Amri ilitangazwa kwa kipaza sauti mara tatu, ili hata kuku waielewe: kwa ukame huu, nyumba itakayokutwa na nyasi mbichi itakatiwa maji mwezi mzima. Bi Mwanaiki alikuwa na wajukuu mapacha wachanga, na bustani ya kijani kibichi. Aliimwagia maji aliyofulia nepi tu, lakini kamati ya maji haikuwa na masikio, ilikuwa na macho.

"Shoga, wanatoka kwangu!" jirani yake, Bi Kidawa, alinong'ona juu ya ua, akampitishia debe la jivu. "Mwaga lote!"

Wajumbe watatu walipoingia, bustani ilikuwa ya kijivu kama kichwa cha mwenyekiti wao, Bwana Shekue. Aliitazama kwa heshima ya msibani.

"Pole, dada. Kumbe wewe raia mwema."

Moyo wa Bi Mwanaiki ulikuwa ndio kwanza unatulia, adhana ya adhuhuri ikasikika.

"Tusaidie maji kidogo, tutawadhe."

Angewanyimaje maji ya udhu? Alileta birika na taulo. "Karibuni huku barazani, kuna kivuli."

"Tukulowanishie baraza? Hasha!"

Bwana Shekue alichuchumaa ukingoni mwa bustani. Akanawa mikono, uso, kichwa, kisha akainamisha birika juu ya mguu wa kulia. Maji yaliteremka vidoleni, yakaingia kwenye jivu, yakaanza kulisukuma polepole.

Bi Mwanaiki alilikunjua taulo lote, akalitandaza kwa mikono miwili kati ya mguu ule na macho ya mwenyekiti.