Wiki Kumi na Mbili za Stonewick

“Mwambie tena,” alisema Dokta Kuzyk kutoka kiti cha pembeni. “Umemwambia kama polisi wa barabarani.”

Mgonjwa, mkulima wa ngano, alitazama sakafu. Sumudu Ratnapala akasogeza kiti karibu naye, akamweleza upya, taratibu, kwamba uvimbe ulikuwa umeenea.

Kwao Kandy, Sri Lanka, alikuwa ametibu watu miaka kumi na moja. Kanada haikuutambua hata mmoja. Miaka sita alipanga dawa kwenye rafu za duka huko Regina, mpaka ilipotokea nafasi hii: wiki kumi na mbili Stonewick, chini ya jicho la Orest Kuzyk, daktari pekee wa mji ule. Akimpitisha, atapata leseni. Akimkataa, basi tena.

Mzee hakuwa mtu wa kuridhika. Makosa ya karatasi aliyasamehe, lakini kwa wagonjwa wasio na tumaini la kupona hakumpa nafuu.

“Ulimuuliza anaogopa nini?”

“Nilimweleza dawa zote, Daktari.”

“Sikukuuliza dawa. Rudi.”

Mchana mzee hakula. Alikunywa chai, akaivuta juu suruali iliyomlegea kiunoni, akawaita wagonjwa wa jioni.

Usiku ulipoingia Sumudu alikula wali peke yake katika chumba cha kupanga, theluji ikiziba dirisha. Kandy ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Siku hizi bintiye aliyebaki huko hakuwa na maneno mengi kwenye simu: “Haya mama, nachelewa shule.” Simu ikakatika.

“Babu huyu hanipendi,” Sumudu alimwambia Darlene wa mapokezi kesho yake.

“Usijali, dada. Tangu mkewe afariki hana mtu. Wenzako watatu waliokutangulia aliwatimua wiki ya pili tu, na mji mzima ukamlaani.”

Ijumaa ya mwisho Kuzyk alisaini fomu, akaondoka. Sumudu alijifungia chooni akalia.

Leseni ilifika baada ya wiki mbili. Asubuhi hiyo Darlene alimpa faili la mgonjwa wake wa kwanza, akiyakwepa macho yake.

Mlango ulifunguliwa. Kuzyk aliingia bila koti jeupe, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, akaanza kufungua vifungo vya shati.

“Saratani ya kongosho,” alisema. “Tangu kabla hujaja. Sikutaka kufia mikononi mwa mtu nisiyemjua.”