Malkia Aliyekufa Zamani

"Malkia huyu alikufa miaka mia iliyopita," muuzaji alimwambia mteja, huku akipangusa kinyago cha mti.

Bora alikuwa amekitambua tangu jana, alipopita mlangoni. Alikichonga mwenyewe kule kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kikaibwa kibarazani kwake, na sasa kilikuwa kimepakwa dawa ya viatu ili kionekane cha kale.

"Hicho ni changu," alisema.

"Ushahidi uko wapi, mayi?" aliuliza polisi aliyekubali, kwa shingo upande, kumsindikiza hadi duka lile la mtaa wa Old Town, mjini.

 Bora alitoa kichwa nje akaita, "Mama, ingia!"

Mama mkwe wake aliingia bila haraka, akavua kitambaa cha kichwa, akasimama kando ya kinyago. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika pale pale kama la kinyago. Pengo la mbele lilikuwa lile lile. Hata mdomo ulikuwa umepinda vilevile, kwa dharau ambayo Bora aliijua tangu siku ya harusi yake.

Polisi aliangua kicheko, mteja naye akashika mbavu.

Mama mkwe alimgeukia muuzaji. "We baba, mi nilikufa lini? Na mulinizika wapi?"